Pedi za kufua: zipimwe kuanzia beseni mpaka kamba

Soma pakiti yoyote ya pedi za kufua na utakuta sifa ileile imerudiwa kwa maneno tofauti: hazivujishi. Ni sifa ya lazima, hakuna anayebisha. Lakini mtu anaishi na pedi hii mwaka mzima, pengine miwili au mitatu, na muda mwingi haiko kwenye chupi. Iko kwenye beseni, iko kwenye kamba, au imefichwa mahali ikisubiri kukauka. Huko ndiko utakakojua kama aliyeibuni alimfikiria msichana atakayeivaa au aliwaza tu namna ya kumridhisha mfadhili atakayeinunua.

Kwanza, igeuze. Pedi ya kawaida ina matabaka matatu. La juu, linalogusa mwili, huwa flaneli ya pamba au kitambaa laini cha polista. Pamba haiwashi ngozi, ila hubaki na unyevu juu. Polista hupitisha damu haraka kwenda chini na juu kukabaki pakavu, lakini inatia joto na kwa wenye ngozi nyepesi inaleta vipele mapajani. Katikati kuna tabaka la kufyonza: kitambaa cha taulo, flaneli iliyokunjwa mara kadhaa, au kitambaa cha nyuzi za mianzi. Chini kabisa ni polista iliyopakwa utando mwembamba wa poliyurethani, ambayo mafundi wanaiita PUL. Utando huo ndio unaoilinda chupi, na ndio unaowahi kuharibika kuliko sehemu nyingine zote.

Sasa angalia mishono upande wa utando. Mshono uliopita katikati ya pedi na kutokea chini ni kasoro kubwa, kwa sababu kila tundu la sindano ni njia ya damu. Fundi anayejua kazi hushona kwanza tabaka la juu na la katikati pamoja, halafu huunganisha utando pembeni tu na kumalizia kwa ovaloki iliyobana. Vuta ukingo taratibu kwa vidole viwili. Ukiona nyuzi zinaachia kabla hata pedi haijafuliwa, irudishe. Kuna pia zinazowekwa nailoni ya mfuko badala ya PUL. Hizo hutambulika kwa mlio wa kuchakarika ukizikunja, na msichana aliyekaa darasani anausikia mlio huo kila anapojisogeza. Nailoni hunasa jasho, hupasuka baada ya kufuliwa mara chache, na mimi simshauri mtu yeyote aipokee, hata ya bure.

Kwa mchana urefu wa sentimita 25 unatosha wengi. Kwa usiku tafuta 30 au zaidi. Upana kati ya mabawa, yaani vipande vya pembeni vinavyokunjwa chini ya chupi, vifungo vikiwa vimefungwa, uwe sentimita 6 hadi 7. Ukizidi 8 pedi hujikunja na kuhamia nyuma, maana sehemu hiyo ya chupi ni nyembamba. Vifungo vya kubonyeza vya safu mbili ni bora kuliko vya safu moja, kwa kuwa chupi hazilingani. Kwa mtu mwenye ulemavu wa mikono, au anayevalishwa na mwingine, vifungo vigumu ni kikwazo cha kila badiliko. Afadhali pedi inayopachikwa kwenye chupi yenye kanda mbili za kuishikilia mbele na nyuma. Miradi mingi hununua aina moja kwa wote, na hapa ndipo wenye ulemavu wanapoachwa bila mtu hata kutambua.

Kujaribu ufyonzaji ni kazi ya dakika chache. Changanya maji na chumvi kidogo, chukua bomba la sindano lisilo na sindano, au kijiko cha chai chenye ujazo wa mililita 5. Weka karatasi kavu ya chooni chini ya pedi. Mimina mililita 5 katikati polepole, subiri dakika moja, ongeza nyingine 5, kisha kandamiza kwa kiganja. Karatasi ibaki kavu na maji yasikimbilie pembeni. Usidanganyike na unene. Kwa wengi, damu ya hedhi nzima ni kama mililita 30 hadi 40. Inayozidi 80 huhesabiwa kuwa nyingi na inahitaji daktari. Pedi inayobeba mililita 10 hadi 15 bila kulowesha chini inakidhi kwa muda wa saa 4 hadi 6, na baada ya hapo inapaswa kubadilishwa hata kama haijajaa. Unene unaozidi hapo unalipiwa kwenye kamba, kwa sababu pedi nene haikauki.

Jambo moja lingeokoa pedi nyingi kama lingeandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti: zifuliwe mara mbili au tatu kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza. Kitambaa kipya kina dawa za kiwandani zinazosukuma maji, hivyo damu hutelemka juu yake na kutokea pembeni. Msichana anakabidhiwa pedi asubuhi, anaivaa siku hiyohiyo, inavuja, anachekwa, na hazigusi tena. Walioleta mradi wanaandika kwamba wasichana hawakuzipenda.

Sasa beseni. Baada ya kuivua, loweka kwenye maji baridi kama nusu saa. Maji ya moto hugandisha protini za damu kwenye nyuzi na doa halitoki. Fua kwa sabuni ya mche ukisugua tabaka la juu, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa ni chanzo kikubwa cha muwasho. Usitie dawa ya kung'arisha nguo, inakula utando. Usitie kilainishi, kinapaka nyuzi mafuta na kuzizuia kufyonza. Kamua kwa kukandamiza, usisokote, kwani kusokota hubandua utando kutoka kwenye kitambaa chake. Pasi usiipitishe kabisa upande huo.

Fanya hesabu ya maji. Pedi moja ikilowekwa, ikafuliwa na kusuuzwa mara mbili hutumia karibu lita 3 hadi 4. Pedi nne za siku moja zinakaribia lita 16, yaani sehemu kubwa ya ndoo ya lita 20, kila siku kwa siku nne au tano. Ukizifua pamoja utapunguza, lakini hutafika sifuri. Kama maji hayo yanachotwa kwa kichwa, mara nyingi anayeyachota ni msichana yuleyule. Anayachota, anafua, anasuuza, anatafuta pa kuanika, wakati kaka yake wa darasa moja yuko na daftari. Mradi unaochagua pedi za kufua kwa sababu bajeti inapungua ujue kwamba sehemu ya kilichopungua imehamishiwa kwenye muda wa msichana. Hiyo haitoshi kuzikataa. Inatosha kudai kwamba muda huo uhesabiwe, na kwamba wavulana wa nyumba hiyo nao wabebe ndoo.

Kukauka ndiyo sura ngumu kuliko zote. Pedi iliyoshonwa matabaka yote pamoja huhitaji jua la siku nzima, na hali ya hewa ikiwa na unyevu inaweza kuchukua mbili. Tabaka la juu lielekezwe kwenye jua, maana upande wa utando haupitishi hewa ya kutosha. Lakini wasichana wengi hawaaniki juani. Wanaanika mvunguni mwa kitanda, nyuma ya mlango, chini ya kanga kwenye kamba, kwa sababu wamefundishwa kwamba baba au kaka asione. Pedi inabaki na unyevunyevu, inaota ukungu, inanuka, inawasha. Atapewa dawa ya fangasi mwezi huu na mwezi ujao, na hakuna atakayeuliza pedi ilianikwa wapi. Kwangu hili ni suala la haki kabisa: aibu aliyobebeshwa na watu wengine inamletea maradhi kwenye mwili wake mwenyewe. Wavulana wafundishwe hedhi katika somo lilelile wasichana wanapofundishwa, waishike pedi, waione ilivyo. Kitu kilichozoeleka machoni hakihitaji kufichwa chini ya kanga.

Kwa sababu hiyo, muundo ninaoupendekeza ni wa kukunjua. Kuna ala nyembamba yenye utando na mabawa, halafu kitambaa cha taulo kinachokunjwa mara tatu na kupachikwa ndani. Kwenye kamba kitambaa hicho huonekana kama taulo ndogo ya mikono, na juani hukauka kwa saa chache. Kikichakaa unabadilisha kitambaa, ala inaendelea. Kasoro yake ni kwamba kisipopachikwa vizuri husogea, na mtu anahitaji kuonyeshwa kwa mikono, karatasi ya maelezo haitoshi.

Idadi nayo huamuliwa na kamba. Siku ya kawaida ina pedi nne: asubuhi, mchana, jioni na usiku. Za jana zikiwa bado hazijakauka, unahitaji nne nyingine. Kwa hiyo pedi nene zinataka pakiti ya 7 au 8. Za kukunjua 5 zinatosha kukiwa na jua. Pakiti za 3 ambazo hugawiwa mara nyingi zinamlazimisha msichana kuvaa pedi mbichi au kukaa na moja mchana kutwa. Pakiti kamili iwe pia na chupi tatu zinazomtosha, sabuni, na mfuko usiopitisha maji wa kubebea iliyotumika. Pedi yenye mabawa bila chupi haina pa kushikiza. Na hata pakiti iliyokamilika haisaidii shule ambayo choo hakina mlango wenye komeo, maana hapo hakuna pa kubadilishia.

Sheria zimeanza kuelewa hili, kwa viwango tofauti. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pedi mwaka 2004, na sheria yake ya 2017 inaitaka serikali iwape wanafunzi wa kike wa shule za umma pedi za kutosha na zenye ubora. Tanzania iliondoa kodi hiyo mwaka 2018 ikairudisha 2019, kwa maelezo kwamba bei haikushuka kwa mnunuzi. Uskoti, kwa sheria ya 2021, imedai bidhaa za bure na pia uwezo wa kuchagua aina. Neno kuchagua ndilo ningependa liigwe. Asiye na maji wala faragha, kama aliye kambini baada ya mafuriko, apewe za kutupa. Anayetaka kikombe cha silikoni apewe: huweza kuvaliwa kwa muda wa hadi saa 12, huchemshwa dakika 5 kati ya hedhi moja na nyingine, na hudumu miaka kadhaa, ingawa kukizoea huchukua mizunguko michache na mwenye kitanzi aongee na mhudumu wa afya kwanza.

Pedi ya kufua ina mwisho wake. Inyanyue mbele ya dirisha. Ukiona mistari ya nyufa kwenye utando, au ukibana unasikia umebanduka, imekwisha hata kama juu bado inapendeza. Ikinuka ilhali ni kavu, imekwisha pia. Kwa matunzo ya kawaida hilo hutokea kati ya mwaka mmoja na mitatu. Aliyepewa akiwa na miaka 12 atahitaji nyingine kabla hajamaliza shule, na tarehe ya kumpa hizo inapaswa kuandikwa siku ileile anapokabidhiwa za kwanza.