TAHADHARI: Paipu za breki za magari ya kale zinazouzwa kwa sifa zisizo zake

Ndugu wapenzi wa magari ya kale, ninawatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza mtandaoni seti za paipu za breki zilizokwisha kupindwa kufuata umbo la chasisi, akidai kuwa ni za aloi ya shaba na nikeli. Nilinunua seti yake kwa ajili ya gari ninalolifufua, nikapokea shaba tupu, laini na nyembamba, isiyofaa kufungwa kwenye breki ya gari lolote.

Dalili ya kwanza niliiona nilipofungua kifurushi, na ninasikitika kwamba niliipuuza. Paipu ilikuwa nyekundu kama waya wa umeme uliochunwa. Aloi halisi, ambayo kwa kawaida ina takriban asilimia 10 ya nikeli, huwa na rangi iliyopauka inayoelekea kwenye fedha, na ukiipinda kwa mkono unahisi inavyokukatalia kidogo. Nilidhani wekundu ule ni wa upya wake, nikafunga. Tulipokuwa tunatoa hewa iliyobaki ndani ya mfumo wa breki, mwenzangu akikanyaga pedeli na gari likiwa bado juu ya stendi, niliona tone la mafuta ya breki likijikusanya chini ya nati ya gurudumu la nyuma. Nikalifuta kwa tambara, likarudi. Nilipofungua nati, nilikuta mdomo wa paipu umepanuliwa mara moja tu, na ukingoni mna ufa mwembamba kama unywele.

Kasoro hiyo ya mdomo ingetosha peke yake kuikataa seti nzima. Katika magari mengi ya kale mdomo wa paipu ya breki hukunjwa mara mbili, ili pale nati inapoukandamiza pawe na unene maradufu. Kuupanua mara moja ni kwa paipu za shinikizo dogo, ilhali dereva akikanyaga breki kwa nguvu shinikizo huweza kupita bari 70, yaani takriban mara 70 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Nilikata kipande kwa msumeno nikakipima: kipenyo cha nje kilikuwa milimita 4.75 kama ilivyotangazwa, lakini unene wa ukuta ulikuwa nusu milimita tu, badala ya takriban 0.7. Isitoshe, shaba tupu hugeuka ngumu na kukatika kwa urahisi kadiri inavyotikiswa na mwendo wa gari, hata ikapasuka karibu na nati bila kutangulia dalili yoyote ya kutu.

Magari mengi yaliyoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yana saketi moja tu ya breki, yaani njia moja ya mafuta inayohudumia magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka popote, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja.

Nilipomwandikia muuzaji, alisema kwanza kwamba nilikaza nati kupita kiasi; nilipomtumia picha ya ufa alinitumia cheti cha vipimo vya paipu ya unene mwingine kabisa, kisha akanifungia mawasiliano. Siku chache baadaye picha zake zilezile zilitokea chini ya jina jingine, pamoja na video ya sumaku isiyonasa kwenye paipu, eti huo ndio uthibitisho. Sumaku hainasi kwenye shaba tupu wala kwenye aloi hiyo. Kinachogundulika kwayo ni chuma kilichopakwa shaba, basi. Msikubali kutulizwa na video hiyo.

Kabla ya kulipa, ombeni picha ya karibu ya ncha iliyokatwa na ya mdomo wenyewe, nati ikiwa imesogezwa nyuma. Seti ikifika, ikwangueni kidogo kwa tupa mahali pasipozibwa na nati, mkailinganishe na waya wa shaba uliosuguliwa: rangi zikifanana, mmeuziwa shaba tupu.

Aliyekwisha kufunga seti ya namna hii namsihi asiliendeshe gari, hata kwa kulisogeza barabarani tu, mpaka azitoe paipu zote. Akishafunga nyingine na kutoa hewa, na akanyage pedeli kwa nguvu zote na kuishikilia dakika kadhaa, huku mtu wa pili akipitisha karatasi kavu kwenye kila nati, mojamoja, kuanzia masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedeli) hadi magurudumuni.