Kozi ya siku 3 ya "sayansi inavyofanywa" hapa Mjini, nyota 4

Mie nlidhani tutapigwa mihadhara tu, kumbe siku ya pili tushapelekwa maabara, tukae kimya na daftari tuandike watu wanafanya nini, si wanasema wanafanya nini. Basi mtafiti anapima mwani mkavu, mizani ikasoma gramu 4.1 halafu 4.6, akafuta, akazima feni, akapima tena, na kwenye ripoti itaingia namba moja safi kama feni haikuwepo! Hapo ndo nikaelewa kwa nini yule Mfaransa Bruno Latour alikaa karibu miaka 2 maabara ya Salk, California, kuanzia 1975, akiwatazama wanasayansi kama watalii wanavyotutazama sie Forodhani.

Mwalimu hachoshi, ila siku ya kwanza wanafalsafa wa sayansi Popper na Kuhn kwenye slaidi mpaka usingizi. Chai maji matupu. Na mbona hawakutupeleka Paje kwa kina mama wa mwani, wale wanaoiona kotonii, aina ya mwani wanaolima, inaoza maji yakipata moto kabla hata mizani haijatolewa kabatini?

Elfu 40 si mbaya, lakini cheti nshakifata mara tatu naambiwa njoo kesho.