Mpapai au mahindi: konokono huanza na kipi?

Wenye vishamba Kisauni na Likoni, Mombasa, wanalijua hili masika yakishika: mche ulikuwa mzima jana, asubuhi umebaki kijiti. Konokono mkubwa, Achatina fulica, kwao ni hapa hapa Afrika Mashariki, na gamba lake laweza kufika sentimita 20. Hula mamia ya aina za mimea, lakini huchagua.

Mpapai anaupenda mno. Majani laini, shina changa lenye maji, hata tunda lililoanguka na kuanza kuoza, vyote anavitaka. Mche mdogo huweza kumalizwa usiku mmoja, maana yeye hutoka giza likiingia na ardhi ikiwa na unyevu. Shina likishakomaa, hatari hupungua sana. Ndiyo maana naona ni heri kuukuza kwanza kwenye mfuko, juu ya meza, ndipo uhamishiwe shambani.

Mahindi hayamvutii hivyo. Jani lake ni la jamii ya nyasi, gumu, lenye silika (madini kama ya mchanga). Huyagusa zaidi yakiwa machanga.

Kama una nafasi moja tu, karibu na mawe na majani makavu anamojificha mchana, mimi ningepanda mahindi. Maganda ya papai yatumie kama chambo: yaweke jioni, uwaokote konokono alfajiri. Vaa glavu, tafadhali, kwani hubeba minyoo inayoweza kumdhuru binadamu. Chumvi ya kuwaua usimwage, huharibu udongo.