Bogenvilia za kitalu cha Uyole: miche safi, ushauri hapana

Mwaka jana mwezi wa nane nilichukua miche minne ya bogenvilia kwenye kitalu kimoja cha barabarani pale Uyole, Mbeya, buku tano mmoja, mitatu ya zambarau na mmoja wa chungwa. Kwenye miche sina neno, viriba vizima, mizizi imeshiba, wadudu hamna, na kijana wa pale akanibebea mpaka kwenye bajaji bila kuomba hata mia. Ila ushauri sasa! Kaniambia mwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, nami nikamwagilia kweli, wiki ya tatu majani ya njano yanapukutika, ua hata moja hamna. Kumbe huu mmea asili yake Amerika Kusini, unataka jua kali na udongo unaopitisha maji, ukiuzidishia maji unatoa majani tu au mizizi inaoza. Nikawa nasubiri udongo ukauke kwanza, nikaihamishia ukuta wa upande wa jua, ikachangamka. (Halafu ile rangi tunayosifia ni majani, ua lenyewe ni kale kadude keupe katikati, mke wangu kabisha mpaka nikamchambulia moja.) Baridi ya Juni na Julai ndo mtihani, Mbeya tuko juu kama mita 1,700, ule wa chungwa ukaungua ncha nikawa naufunika gunia usiku. Miche nitarudi kununua, nyota nne, ila kijana akianza kuelekeza we itikia tu.