Kabureta ya mashine ya nyasi ya kuendesha: kabla ya kulipa, angalia solenoidi

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Mtu kanunua kabureta mpya, kafunga, mashine inashika kidogo halafu inazima, anamwita fundi, fundi anasema jeti (kitundu chembamba cha kupitishia mafuta) imeziba, wanafungua kusafisha kabureta mpya (mpya jamani!) na bado hola. Ukiwauliza solenoidi mliipima? Kimya.

Solenoidi ni kile kidude chenye waya kilichofungwa chini ya kikombe cha kabureta. Swichi ikiwa off, springi inasukuma pini juu inaziba jeti kuu, ukiwasha inapata volti 12, sumaku inaivuta pini ndani na mafuta yanapita. Hicho tu. Sasa kabureta nyingi za bei chee zinakuja na pini ndefu kidogo au sumaku dhaifu, pini hairudi ndani vizuri, injini inanyimwa mafuta na wewe unabaki kulaumu plagi, filta, petroli, mpaka na mkosi.

Ipime kabla ya kufunga, ikiwa bado kavu na uko mbali na petroli kwa sababu cheche zitaruka. Kama ina waya mmoja, waya kwenye chanya ya betri, bodi yake kwenye hasi. Lazima uisikie "tak" na uone pini inaingia yote. Ikiingia nusu, irudishe dukani hiyo hiyo siku.

Na tafadhali msiikate pini! Mashine itawaka ndio, ila ukizima mafuta yanaendelea kuvutwa mpaka injini isimame kabisa, yanafika kwenye silensa yenye moto, paaa! Majirani wanatoka nje.

Haya, ya kununua. Namba moja kwangu ni kabureta za Nikki na sioni haya kusema, injini nyingi za Briggs & Stratton za aina ya Intek zilitoka nazo kiwandani na mpaka leo sijaona solenoidi inayovuta kwa uhakika kama zao. Walbro inafuata, nunua kama injini yako ilizaliwa nayo, usibadilishe kwa sababu tu umependa picha. Ya tatu, ambayo wengi wanairuka, ni kit ya kukarabati uliyonayo: sindano (inayofunga mafuta kikombe kikijaa), gasketi, oringi (mpira wa duara) ya kikombe. Kama bodi haijaliwa na kutu na solenoidi yako ya zamani bado inapiga tak, huna haja ya kabureta nyingine. Zile zisizo na jina, mmh. Ukilazimika, hamishia solenoidi yako ya zamani kama nyuzi na urefu vinalingana.

Namba ya kuagizia iko kwenye injini, siyo kwenye boneti. Mashine imeandikwa John Deere au Husqvarna lakini ndani injini inaweza kuwa ya Briggs, Kohler au Kawasaki. Kwa Briggs andika zote tatu, Model, Type na Code.

Wauzaji nao! Picha inaonyesha kabureta, solenoidi, gasketi tatu, filta na plagi, mzigo ukifika ni kabureta tupu na unaambiwa picha ni ya mfano. Mfano wa nini sasa? Mwingine anakuandikia "inaingia mashine zote", wakati hata plagi ya waya haifanani, na ukirudisha anataka umlipie usafiri.

Kufunga siyo kazi ngumu. Toa hasi ya betri, bana paipu ya mafuta, piga picha springi na vyuma vya gavana (kidhibiti mwendo wa injini) kabla hujagusa chochote, kwa sababu springi ikiingia tundu la pembeni injini itapanda na kushuka yenyewe. Gasketi mpya pande zote, ya zamani usiirudishie hata ikionekana nzima. Weka filta mpya na petroli mpya, isizidi ethanoli asilimia 10.

Mwisho vuta dipstiki uinuse. Kama oili imepanda na inanuka petroli, sindano ya kabureta iliyotoka ilikuwa inavujisha mafuta hadi ndani ya injini, mwaga oili yote uweke nyingine ndio uwashe.