Tuzo za Wauguzi wa Ubongo Marekani: Zinastahili Sifa
Chama cha Wauguzi wa Ubongo na Mishipa ya Fahamu cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1968, hutuza tafiti na mawasilisho bora ya wauguzi, jambo ninalolipongeza kwa dhati. Muuguzi ndiye anayemulika mboni za mgonjwa kwa tochi usiku wa manane na kujaza Kipimo cha Fahamu cha Glasgow, chenye alama 3 hadi 15, kwa hiyo dalili ya hatari mara nyingi huiona yeye kabla ya daktari. Ni haki maarifa hayo yaandikwe, yahojiwe na wenzake, kisha yatambuliwe. Kasoro ninayoiona ni umbali: kwa muuguzi wa Afrika Mashariki, nauli na viza ya kwenda kuwasilisha Marekani ni mzigo mzito, hata utafiti wake uwe mzuri kiasi gani.