TAHADHARI: Anayenunua "koili mbovu" ya Yamaha DT yako

Wakuu, kuna muuzaji wa spea anazunguka kwenye magrupu ya pikipiki za zamani. Anajinadi kuwa ana vifaa orijino vya umeme vya Yamaha DT na Honda XL, zile za umeme wa voti 6 (6V) zilizokuwa zikitumiwa na mabwana shamba na watu wa miradi. Simtaji jina kwa sababu jina na laini anabadilisha kila anapomliza mtu. Mtindo wake ndio haubadiliki.

Anaanza hivi. Unaandika kwenye grupu kwamba taa ya mbele inawaka kama mshumaa, au globu zinakatika ovyo. Dakika chache baadaye yuko inbox: "Koili ya taa imekufa boss, hiyo dawa yake ni sahani nzima." Sahani ni bamba linalobeba koili, yaani misokoto ya waya wa shaba inayozalisha umeme kwenye sumaku ya injini. Hajauliza umepima nini. Hajauliza hata kama globu ni nzima. Kisha anakutajia bei ya juu, unashtuka, naye analegeza: "Nitumie ile ya zamani kwa basi, nitakutolea nusu ya bei." Unalipa kwa simu, unafunga mzigo.

Anachokitaka ni huo mzigo wako. Kwenye sahani ile hakuna koili ya taa peke yake, kuna na koili inayolisha moto wa plagi. Kwa hiyo umetoa kitu kizima pamoja na kile unachodhani ni kibovu, na sahani ya Yamaha ya enzi hizo huipati kirahisi dukani. Nadhani yako ndiyo atakayomuuzia mwenzako kesho kama "orijino Japani".

DT moja niliifungua kwa mkono wangu baada ya mwenyewe kupigwa. Alichotumiwa ni sahani ya pikipiki ya Kichina, matundu ya skrubu yametobolewa upya ili ikae. Injini haikutoa hata cheche. Alipompigia, akaambiwa "fundi wako ameunga vibaya", halafu akauziwa na waya za umeme, seti nzima. Kosa la mwanzo, sasa: fremu ilikuwa imepigwa rangi mpya, na bolti ya waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye mwili wa pikipiki) ikafungwa juu ya rangi. Mita ilionyesha mawasiliano ya kubabaisha kati ya holda ya taa na mwili wa injini. Msasa na dakika kumi vingetosha.

Kwenye 6V haya ni ya kawaida mno. Globu ya 25W inavuta zaidi ya ampea 4, wakati kwenye 12V ingevuta kama 2 tu. Kutu kidogo kwenye kiungio ikila voti moja, kwenye 12V huenda usijue. Kwenye 6V umepoteza moja ya sita, na mwanga unashuka kuliko voti zenyewe. Kwa hiyo kabla hujamsikiliza mtu, chukua waya, gusisha mwili wa injini na ethi ya holda huku injini ikiunguruma. Taa ikichangamka, koili haina kosa.

Bado una wasiwasi? Chomoa kiungio cha waya zinazotoka kwenye sumaku, weka mita kwenye AC, piga resi. Voti zikipanda pamoja na resi, koili inafanya kazi. Injini ikiwa imezimwa, pima ohmu: koili ya taa husoma ndogo sana, na ikiwa imekatika mita haisomi kitu. Kumbuka pia kwamba pikipiki nyingi za enzi hizo zililisha taa ya mbele moja kwa moja kutoka kwenye koili, bila regyuleta (kifaa cha kudhibiti voti), na wati za globu ndizo zilizoshikilia voti. Ukiweka globu ya wati pungufu, voti zinapanda na globu ya nyuma inakatika. Ya mbele ikiungua ukiwa barabarani, ya nyuma huifuata. Huyu bwana anawaambia watu hiyo ni dalili ya koili mbovu. Ni uongo mtupu, koili mbovu haizidishi voti.

Hizo waya anazouza nazo ni balaa. Anadai seti moja inaingia Honda na Yamaha. Haiwezekani. Kwenye Honda ethi ni kijani, na mweusi ni moto (umeme) unaotoka kwenye swichi ya funguo. Kwenye Yamaha ethi ndiyo nyeusi, moto wa swichi ni kahawia, na kijani ni taa hafifu ya mbele. Ukifunga seti ya Honda kwenye DT kwa kufuata rangi, mweusi unaupeleka kwenye fremu na fyuzi inalipuka. Kama mtu ameweka kipande cha waya badala ya fyuzi, na wengi huweka, zinaungua waya zote. Muulize tu ethi ya DT ni rangi gani. Wenzetu waliomuuliza aliwajibu "kijani".

Picha anazotuma, mwombe apige nyingine sasa hivi, sahani ikiwa juu ya gazeti la leo. Atakublok.

Kwa ambao sahani zao bado ziko kwenye basi: pigeni simu ofisi ya basi mzuie mzigo kabla haujachukuliwa. Na kama koili yako kweli imekatika, mpelekee fundi anayesuka mota. Waya wa shaba anao, sahani inabaki yako.